Fulana Mbili na Kichaka cha Nyuma ya Maabara

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya viumbe wa udongo atavua koti lake jeupe, ambalo kusema kweli liliacha kuwa jeupe zamani, na kustaafu. Jina lake kamili liko kwenye mlango wa ofisi. Sisi tunamwita Mama Kichaka, naye huitika.

Alifika hapa na shahada mpya na viatu visivyofaa kabisa kwa shamba. Alipewa kazi ya kuchunguza bakteria, kuvu na wenzao wasioonekana kwa macho, na kujua kwa nini vipande viwili vya ardhi vilivyopakana, vyenye udongo wa asili moja, vinaweza kuwa na wakazi tofauti. Alipima unyevu, uchachu na mboji mpaka kucha zake zikabadilika rangi. Kwake udongo ni nyumba ya kupanga: badilisha maji, chakula na utulivu wa humo ndani, na wapangaji watabadilika. Uchachu ukizidi, bakteria wengi hufungasha virago. Jembe likipita kila msimu, nyuzi za kuvu hukatika kabla hazijafika popote.

Nyuma ya maabara tuna vipande vitatu. Kimoja hulimwa mahindi, kimoja ni malisho ya ng'ombe, na cha tatu ni kichaka ambacho hakijaonja jembe tangu kituo hiki cha utafiti kijengwe. Hicho ndicho kipimo chetu. Bila hicho hatuwezi kujua shamba limepoteza nini. Ila mgeni akikiona huona miiba, majani makavu na paka asiye na mwenyewe, akadhani ofisi imeshindwa kufyeka.

Mkurugenzi mmoja wa zamani alidhani hivyo hivyo, akapanga pawe maegesho ya magari. Mama Kichaka aliandika ripoti, haikusomwa. Akaandika fupi zaidi, nayo haikusomwa. Ndipo akamwendea dereva wa kituo, akamwomba fulana zake mbili za ndani, za pamba tupu. Dereva akauliza za nini. Alipoambiwa zinakwenda kuzikwa, alirudi hatua moja nyuma na kumsihi: dada yangu, kama nimekukosea, niambie tu tuyamalize.

Fulana moja ilizikwa kwenye mahindi, nyingine kichakani. Miezi miwili baadaye zilitandikwa kwenye meza ya mkutano, kando ya chai ya mkurugenzi. Ile ya mahindi ungeifua ukaivaa. Ile ya kichakani ilikuwa imebaki uzi wa mshono na lebo, vitu ambavyo si pamba. Mama Kichaka hakuhutubu. Alieleza tu kwamba waliokula fulana ndio wanaogeuza majani makavu kuwa chakula cha mimea, na kwamba kule kwenye mahindi wamepungua. Mkurugenzi alizitazama fulana, akaitazama chai yake, akaagiza magari yaendelee kuegeshwa barabarani. Dereva hadi leo anaiulizia ile iliyopona.

Tusimpambe kupita kiasi, maana atakasirika. Ni mkali. Ukiingia kichakani na bomba la kuchotea udongo lililotoka kwenye mahindi bila kuoshwa, utakula chakula cha mchana peke yako wiki nzima. Friji ya ofisi ameijaza mifuko ya udongo, maziwa yetu yanakaa kwa hisani yake. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anasema amewahi kulala chumba kimoja na makopo ya udongo ambao wakazi wake walikuwa wakipimwa pumzi, na kwamba yeye ndiye aliyeambiwa apunguze kukoroma.

Mwezi uliopita kamati ya sherehe ilitaka kumfurahisha. Kwa kuwa anakipenda kichaka, basi tumrembeshee: bustani ndogo, maua, na benchi la kupumzikia. Siri ilitunzwa vizuri mno. Mtunza bustani, kwa mapenzi yake yote, akafyeka kona moja, akailima, akatia mbolea na chokaa. Shukrani ya punda ni mateke. Yetu ilikuwa jembe.

Mama Kichaka alipofika asubuhi alisimama na mkoba wake begani, akalia. Mtunza bustani alivua kofia, hakujua aiweke wapi. Kisha Mama Kichaka akajifuta kwa mkono wa koti, akaomba vigingi na kamba, akaizungushia ile kona. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, ila sasa tumepata kipande cha nne: tutaona wenyeji wa udongo wanachukua muda gani kurudi nyumbani. Anakisia ni miaka mingi, na wengine huenda wasirudi. Alisema wazi pia kwamba kona haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kuondoka akikiacha kichaka mikononi mwa watu wenye mapenzi ya namna hii.

Kwa hiyo, Mama Kichaka, zawadi imebadilika. Benchi limepelekwa kwako, na mwalimu ameshalikalia. Mkurugenzi wa sasa ametangaza mbele yetu sote kwamba kichaka na kona yake havitaguswa na jembe. Dereva ametoa fulana mpya, na jana mtunza bustani aliizika konani kwa mikono yake, akafukia, akaondoka bila hata kumwagilia. Rudi uifukue mwenyewe. Ikitoka nzima, tutazika nyingine, na nyingine tena, dereva amekubali.

Asante kwa kutufundisha kutazama tunapokanyaga. Upate afya, usingizi na wajukuu wanaopenda kuchafuka. Nasi tuliobaki, dada yetu, tunakuahidi jambo ambalo ofisi hii haijawahi kumwahidi mtu: ukishaondoka, pale kichakani, hatutafanya lolote.