Mama Tito, Tabibu wa Mwasho

Wachungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliopanda hadi hapa Marangu kwa ajili ya Mama Tito, tulieni kidogo tuwasimulie alivyoishi.

Mama Tito, jina lake Eliona Ndelilio, alizaliwa Masama tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mzee Ndelilio Nkya na mama Yuditha, wakulima wa kahawa, akasoma hukohuko hadi shule ya kati, akahitimu uuguzi mwaka 1968 na utabibu mwaka 1978. Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Bwana Eliudi Mtui wa hapa Marangu, Mungu akawajalia Tito, Violet na Kindness, na wajukuu watano, ambao wote aliwakagua ngozi kabla hata hajawapakata.

Alitumikia zahanati za serikali hadi 1992, matibabu ya binafsi yaliporuhusiwa, akaajiriwa katika kliniki moja ya ngozi Majengo, mjini Moshi, na huko ndiko jina lake lilikokua. Watu walimjia na mabaka ya kuwasha ya miezi na miaka, wameshaachishwa maziwa, mayai na maharage hadi wamekonda, yeye akawahoji kazi, dawa, chakula, hata nguo, mpaka wakamtania kwamba anahoji kama mshenga. Baka alilizungushia wino, akamwambia mgonjwa arudi kesho yake, kwani baka la aleji huhama, lisilohama huenda ni ugonjwa mwingine. Na asipoona chanzo alisema wazi kuwa hakioni, akatoa dawa ya kutuliza, hakumbambikia mtu mwiko.

Sisi wa ukoo huu hatutasahau Julai 1997. Hilaria, mke wa shemeji yake Hosea, alikuwa ameolewa kutoka Kahe kwenye joto, na kila aliposhuka kuchota maji kwenye mfongo, mfereji wetu utokao mlimani, mikono ilivimba mabaka, siku moja akazimia majini, ukoo ukaamua kwamba mfongo wa mababu umemkataa, arudishwe kwao. Mama Tito naye alikuwa ameolewa tu hapa, na kupinga kikao cha wazee si jambo dogo, lakini alipanda kutoka Moshi na chupa ya chai iliyojaa barafu, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akaweka kipande kwenye mkono wa Hilaria mbele yao, akakiondoa, wakasubiri. Baka likavimba palepale barafu ilipokaa. Akawaeleza kwamba ni baridi, si mababu, na kwamba akitumbukia tena anaweza kufa, hivyo maji yake yapashwe moto kwanza. Mzee Aminieli, mwenyekiti wa kikao, akataka naye awekewe barafu, mkono wake ukalowa tu, akacheka, na shauri likaishia hapo. Tunajivunia, wala hatufichi.

Mwaka 2003 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akauguzwa nyumbani na Hilaria, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2004.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa Majengo, na majirani mliokata ndizi na kupika tangu msiba uingie. Shada la kwanza leo litawekwa na watoto watatu wa Hilaria, ambao wasingezaliwa katika kihamba hiki, shamba letu la ukoo, kama Mama Tito angenyamaza.

Umetutetea, mama yetu, sasa pumzika kwa amani.