Shukrani kwa Aliyezikausha Nyanya Zangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Meneja wa Bwawa, ndugu wafanyakazi, wakulima wenzangu, wageni waalikwa. Na wewe mama watoto, mhandisi wetu unayestaafu, uliyetajwa mwisho ingawa shughuli ni yako.

Nimeombwa niseme kama mume. Nitasema pia kama mkulima, maana mwaka ule wa kiangazi kikali huyu mama alizikausha nyanya zangu, na jioni yake nikala naye meza moja.

Wengi mnakumbuka. Chini ya tuta la bwawa maji yalichuruzika tangu zamani, maangavu, hayana neno. Siku moja akayakinga kwenye glasi, akaona yametoka na udongo. Tuta lilikuwa linaliwa kwa ndani. Akaagiza milango ifunguliwe, bwawa lishuke, tuta lifukuliwe kabla ya masika. Jua linawaka, mifereji yetu mikavu, nasi tunayatazama maji yakienda zake! Nani hapa hakung'aka? Mkubwa mmoja, ambaye leo nadhani kajificha nyuma ya shada lile la maua, alimwambia, "Usipokuta kitu humo, kazi huna." Sokoni wakaacha kumsalimia. Nami nikambembeleza, "Mke wangu, niachie japo ya kumwagilia safu mbili."

Akanijibu, "Baba watoto, nikikuachia wewe, jirani nitamwambia nini?"

Walipofukua wakakuta tundu kando ya bomba la zamani. Mbuzi angepita bila kuinama. Likazibwa. Masika yakaja, ile mvua mnayoijua, bwawa likafurika hadi ukingoni. Na bondeni je? Watoto walikwenda shule, basi.

Nawashukuru vijana wa mitambo waliofukua tuta lile wakijua hatari yake. Nakushukuru Mheshimiwa, uliyesimama naye wakati kusimama naye kulikuwa aibu. Nawe mke wangu, nyumbani nilinuna mno hata nikasahau kukuambia: asante. Nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Juzi, akifungasha vitu vya ofisini, alinilalamikia kwamba wenzake wana picha za madaraja waliyojenga, yeye hana cha kuonyesha. Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Nawaomba jambo moja tu. Wote mnaolala chini ya tuta lile, wakubwa kwa wadogo, simameni.

Mama watoto, geuka uone.