Debe la Mzee Limbu na Kompyuta Kuukuu

Mgeni rasmi, Ndugu Bartholomeo, uliyetuletea kompyuta mpya. Mwalimu wetu Fanueli. Wazazi wetu, na hasa Mzee Limbu aliyetoka Usangu alfajiri: kamwene!

UKARIBISHO
Karibu Kihesa. Baridi isikutishe, chai ya tangawizi iko tayari. Utuvumilie tu, maana risala yetu ina mtu ndani yake.

TULIKOTOKA
Tulianza na lugha ya Python, kwenye kompyuta kuukuu zenye feni zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Kwa kuwa ni chache, tulifanya kazi kwa mgowe, kama tunavyolimiana mashamba: leo programu ya huyu, kesho ya yule, kila mtu na kipande chake.

TULICHOVUNA
Mwenzetu Mbuke, binti wa Mzee Limbu, ndiye aliyetutoa kimasomaso. Alitunga programu ya kuwagawia mchele majirani wanaokoboa pamoja kwao Usangu. Mwenye mashine ya kukoboa akaiweka kwenye kompyuta yake, na Mzee Limbu akatamba nayo kijiji kizima. Mbuke naye alitembea kwa madaha, na nani angemlaumu?

KILICHOTUKWAZA
Kisha ninyi mliotufadhili mkatuelekeza tuhamie lugha ya Java, kwa kuwa ndiyo tutakayotahiniwa nayo. Hatukubisha. Ila Mbuke alijiona mgeni katika darasa lake mwenyewe. Alichokuwa akikiandika bila kufikiri, sasa alikikosea. Tukamwitia mgowe, tukagawana programu yake, tukaihamisha mstari kwa mstari, tukaipeleka mashineni kwa shangwe.

Hapo ndipo tulipoteleza. Katika Python, saba ukiigawa kwa mbili unapata tatu na nusu. Katika Java, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, nusu inatupwa kimyakimya. Kila mmoja wetu alitazama kipande chake, na nusu haikuwa na wa kuitazama.

Mzee Limbu na jirani yake Anania walikuwa na madebe saba. Programu ikawapa matatu matatu, debe moja likakosa mwenyewe, na Anania akatangaza kwamba Limbu amepanga hivyo ili alibebe. Mzee akapiga simu: "Mbuke, mashine yenu imekula debe, na mimi naitwa mwizi. Ng'ombe wa plau hafundishwi upya kila masika. Nakuja kukuchukua."

Mbuke alilia, hatufichi. Halafu akawasha kompyuta kuukuu, akaiendesha programu ya zamani kando ya mpya, jibu kwa jibu, mpaka akaona nusu ilipodondokea. Akarekebisha. Tangu siku ile anauliza, "Kule tulifanyaje, na huku wanafanyaje?" Java imeanza kumkubali, na sisi tunamfuata nyuma.

OMBI
Tulikuwa na ombi la uzio na la viti. Tumeyafuta ili hili lisikose nafasi. Tumeambiwa ukishakata utepe, gari litapakia kompyuta kuukuu zote, na mpya zimefungwa, haziruhusu lugha nyingine ila Java. Tunaomba utuachie moja kuukuu, tulinganishe ya kule na ya huku. Ngurumo yake tumeizoea.

Mzee Limbu ameshaelewa habari ya nusu, na Anania amemtaka radhi. Asichoelewa ni kwa nini mtu atupe alichokwisha kukijua ndipo ajifunze kipya. Tumemwambia mzee kwamba Mbuke hatupi, anahama nacho. Akajibu, "Hilo nitalisikia kwa mgeni wenu." Tiketi mbili za basi la mchana ziko mfukoni mwake, na begi la Mbuke liko miguuni pake.

Mungu akubariki, na aubariki mkono wako kabla haujashika mkasi.

Imesomwa na Devota, kwa niaba yetu sote wa Darasa la Kompyuta la Jioni, Kihesa, Mbuke akiwemo.