Koti Langu Halina Hawara

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mkuu wa Shule na walimu wako wote. Mwalimu Alfani, uliyetoka Tunduru kuja kuwafundisha watoto wetu fasihi. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa Mjimwema, wanafunzi, na wewe mwandishi wetu, mpwa wangu Ursula: nawasalimu nyote. Ninayesimama hapa ndiye mtu muhimu kuliko wote katika shughuli hii. Mheshimiwa, usinune, ukweli lazima usemwe. Wewe umekuja kuzindua kitabu, Ursula amekiandika, lakini koti lililomo ndani yake ni langu. Bila koti langu, leo mngezindua karatasi tupu.

Kwa wale ambao hawajasoma, nitasimulia kwa ufupi, maana ufupi ndio sifa yangu. Kuna mkulima na mkewe, katika uwanda mpana wa nyasi, mahali ambapo jirani humwoni, unaona moshi wake tu. Mahindi yakikomaa, mume anakwenda kuyalinda na nyani, mke anabaki ng'ambo ya bonde akipalilia kunde. Kila akiinua macho analiona koti la mumewe limesimama katikati ya mahindi, na moyo wake unatulia. Siku moja anamhurumia, anampelekea kibuyu cha togwa. Anafika, anakuta koti limevalishwa mti! Mume yuko kule kwenye moshi, kwa yule jirani, mjane. Mke hapigi kelele. Anatua togwa mbele ya koti, anachimbia mti mwingine ubavuni mwake, anaufunga kanga yake ya begani, anakwenda kwao. Jioni mume anarudi, anaiona ile kanga kwa mbali, anachekelea: mke wangu amekuja kunisubiri.

Jamani! Hapo nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mwalimu Alfani alikuja kwangu kunifafanulia. "Mjomba," akasema, "hilo koti ni ishara. Ni ndoa iliyobaki nguo, mtu hayumo."

Nikamwambia, "Mwalimu, hilo ni koti. Nililinunua mnadani, lina kiraka cha kijani kwenye kiwiko."

"Na togwa?"

"Togwa ni togwa."

"Na moshi je?"

Hapo nikamuuliza habari za Tunduru, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Ndugu wageni waalikwa, fasihi ni kitu kizuri, lakini ina madhara. Ursula alikuwa akija kwetu Lusewa wakati wa likizo, akaliona koti langu shambani, akakaa nalo kichwani miaka yote hii, na mjane akajitungia mwenyewe. Mama Saimon, mke wangu, naye akasoma mpaka mwisho, akakifunga kitabu, akaniuliza swali moja tu: "Baba Saimon, msimu ule koti lilipokuwa kazini, wewe ulikuwa wapi?"

Nikajibu kiume kwamba nilikuwa nafukuza nyani upande wa pili. Akacheka kwa pua. "Koti lako nimelisalimia msimu mzima," akasema. "Nikaligombeza toka ng'ambo kuhusu paa linalovuja, halikunijibu, nikasema kumbe mume wangu amepata busara!" Akachukua mkoba, akapanda Hiace ya Peramiho, akaenda kwa dada yake Fortunata. Leo amekuja kwa heshima ya Ursula. Yule pale, safu ya pili, mkoba magotini. Shughuli hii ikiisha, mkoba ule ama unarudi kwangu, ama unarudi Peramiho.

Ursula, mwanangu, umeandika vizuri mno. Ungeandika vibaya kidogo tu, mjomba wako angekuwa anakula chakula cha moto.

Sasa nawauliza: mimi ni mtu wa kukimbia shamba? Nani asiyejua kwamba nyani wa Lusewa wakisikia kikohozi changu walikuwa wanahama na watoto mgongoni? Nani hakusikia kwamba nilimkamata dume mkia, nikamzungusha, nikamrusha ng'ambo ya mto akaangukia wilaya nyingine? Mtu mwenye sifa hizi anatafuta nini kwa mjane?

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Otto, shusha mkono. Otto, ndugu yangu, nakuomba.

Mmemsikia? Anasema, "Sema wewe, au niseme mimi!"

Haya. Mama Saimon, ule moshi ulikuwa wa huyu, jirani yetu wa Lusewa. Mtazame vizuri: mgane, ndevu mpaka kifuani. Mjane yuko wapi hapo? Kulikuwa na Otto na bao lake, basi.

Mama Saimon anauliza, na mmesikia wote, kwa nini nikacheze bao wakati mahindi yanaliwa. Swali zuri. Mheshimiwa Diwani, naomba maji.

Mke wangu, siku ya kwanza ya ulinzi, nyani dume mwenye kovu puani alitoka kwenye mahindi, akaketi mbele yangu kama mkwe aliyeleta malalamiko. Nikamkoholea. Naye akanikoholea. Akachukua ugali wangu, akaula taratibu, ananitazama. Nilipoinuka, akainuka. Nikakimbia, koti likabaki njiani. Otto ndiye aliyekwenda kuliokota na kulivalisha mti, na nyani wakaliogopa kuliko walivyoniogopa mimi. Tangu siku ile sikukanyaga tena kwenye yale mahindi mpaka yalipovunwa.

Mnacheka. Chekeni. Watu husema nyani hawamwogopi mwanamke, ndiyo maana mke akienda kulinda huvaa koti la mumewe. Mama Saimon, msimu huu twende wote. Koti uvae wewe, mimi nitakaa nyuma yako.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio, na Ursula nakupongeza kwa moyo wote. Namalizia na jambo dogo, ambalo Otto ni shahidi wake. Nilipokuwa nakimbia nilipiga yowe. Sikumwita mjane, sikumwita mwenyekiti wa kitongoji, hata Mungu nilimsahau. Nililia, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto: "Mama Saimon, njoo unichukue!"