Mafuta ya Kumpokea Mwanvita

Kijiwe chetu cha Mji Mpya kina benchi moja, jiko moja la mkaa na dele langu la kahawa, na vyote vitatu vimezeeka. Mimi ni Mosi, ndiye ninayemimina, kwa hiyo nasikia yote na sina simile na mtu mwongo. Alhamisi hiyo alasiri, wingu limeshakaa mlimani, wateja walikuwa watatu. Pazi, tunayemwita Tanuru, fundi wa kuchomelea mageti. Dominiko, tunamwita Misheni kwa kuwa ni mtu wa Matombo, kwenye misheni kule mlimani, kashuka na viungo vyake kuja kuuza. Na Said Zege, muuza chipsi mayai, ndiyo hiyo zege, ambaye siku hiyo hakutulia. Alikuwa anazunguka benchi na kichupa cha mafuta ya nazi, anacheka peke yake.

— Zege, kaa, unatutia kizunguzungu, nikamwambia.

— Kuna rafiki yangu mmoja, akaanza Said. Mke wake yuko Kisaki kwa mama yake, mwezi wa pili huu. Anarudi kesho.

— Huyo rafiki anauza chipsi? akauliza Tanuru.

Said akakaa.

— Haya, ni mimi. Mwanvita kanipigia jana, na wazo ni lake. Watoto watakuwa kwa shangazi yao. Nimfunge kanga machoni, nimpake mgongoni ya moto na ya baridi. Mafuta, barafu, mafuta tena, asijue ipi inakuja. Na neno tumeweka. Akitamka “Kisaki” tu, naacha hapo hapo.

Mambo ya chumbani hayaletwi benchini, na nilimwambia hivyo. Lakini nilivuta kigoda karibu, sitadanganya.

— Sasa mbona jasho linakutoka? akauliza Misheni.

— Mara ya kwanza nilitumia mshumaa. Nilidondoshea nta kwenye kiganja changu kwanza, sikusikia kitu. Yeye akatoka lengelenge begani. Kanisamehe, ila kasema nikimuunguza mara ya pili, mchezo tumeuzika. Na mimi naupenda, jamani. Tangu jana chipsi naunguza, akili haipo.

Tanuru akajikohoza. Huyo akijikohoza, ujue tumekwisha.

— Tatizo ni mshumaa. Laza kijiko cha chuma kwenye friza, asubuhi kimepoa kabisa, unambandika.

— Kitanasa kwenye ngozi, nikasema.

— Basi barafu, utie chumvi. Ubaridi unazidi mara mbili. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Methali hiyo na barafu, wapi na wapi.

— Nyie watu wa mjini mnahangaika, akasema Misheni. Tangawizi, karafuu, pilipili kichaa kidogo, unasaga, unampaka. Joto bila moto. Mvumilivu hula mbivu.

— Hiyo unampaka mke au unamkaanga? nikamuuliza. Mimi nilijifikicha jicho na mkono wa pilipili mwaka juzi, nikamwita marehemu bibi yangu kwa jina.

— Mtie na siki, akasema Tanuru, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Said akasema tuache maneno, tupime. Akakitumbukiza kichupa kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni. Kilipokaa kitambo, akamimina mafuta kwenye kikombe cha bati. Tanuru akachovya kidole.

— Haya ni ya baridi.

Misheni akachovya.

— Vuguvugu. Rudisha.

Nikachovya na mimi, mtu ninayepanga makaa kwa vidole.

— Bado kidogo, nikasema.

— Hata mimi sisikii kitu, akasema Said, uso umenawiri. Penye wazee hapaharibiki neno. Kesho nampaka haya haya.

Hapo ndipo alipovuka barabara Juliana, muuza mchicha, mama wa makamo ambaye hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Alikuwa na chupa ya chai, anataka kahawa ya kwenda nayo.

— Shikamoo mama, akasema Said.

— Marahaba. Sauti zenu zinafika kwenye mchicha wangu. Baba, una watoto wangapi?

— Watatu.

— Walipokuwa wachanga, maji yao ya kuogea ulikuwa unayapimaje?

Said akamtazama Tanuru, mwenye watano. Tanuru akamtazama Misheni, mwenye wanne. Misheni akanitazama mimi, nina saba. Watoto kumi na tisa kwenye benchi moja, na maji yao hakuna aliyewahi kuyapima. Niliona aibu, nasema kweli.

Juliana akaushika mkono wa Said, akaukunjua, akamdondoshea tone moja la yale mafuta kwenye ngozi laini ya ndani ya kiwiko. Said akaruka, akajimwagia maji ya kunawia. Palikuwa pekundu. Akabaki anakitazama kiganja chake, kile kinachogeuza chipsi miaka kumi na moja.

— Kumbe mshumaa ule ulikuwa wa moto, akasema taratibu.

— Barafu nayo usiitulize mahali pamoja, ipitishe tu, akasema Juliana. Maji ya bomba yawe karibu. Na pilipili mwachie huyu auze.

Said alikuwa ameshapiga simu.

— Mwanvita, maji ya watoto ulikuwa unapima na nini? … Kiwiko. Basi kesho utapima wewe kwanza, kwa kiwiko chako, ndipo nikufunge kanga.

Kicheko kikatoka kwenye simu, tukakisikia sote.

— Kasemaje? tukauliza.

— Kasema angejua nitauliza hivyo, angerudi jana.

Nikainamisha dele nimmiminie Juliana, likatoa tone moja. Kahawa yote tulikuwa tumeinywa tukibishana. Pembeni yangu Tanuru amekunja shati la kazi hadi begani, ananong'ona na Misheni, anamuuliza ni kiwiko cha upande gani.