Magongo Tisa ya Mzee Nyuzi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa tanuri. Kazini walimwita Mzee Nyuzi, kwa sababu kila saa alikuwa akisoma nyuzi joto. Mjukuu wake alipopata homa, kipimo kikaonyesha thelathini na tisa, mzee akasema, "Hiyo nayo ni joto?" Halafu akawa wa kwanza kutafuta viatu ili ampeleke zahanati.

Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika kiwanda cha magongo ya kutembelea. Magongo ya alumini. Bomba la alumini ambalo halijapita tanurini ni laini, wasikilizaji. Mzee Nyuzi aliliingiza kwenye tanuri kali, akalitumbukiza majini likiwa bado la moto, kisha akaliweka kwenye tanuri la pili, la joto la wastani, kwa saa nane. Saa nane. Humo ndani chuma hicho chepesi hukomaa, kikaweza kubeba mtu mzima.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mkewe alifariki. Akaenda kuzika, siku nne. Huku nyuma umeme ulikatika, tanuri la pili likazima. Waliobaki zamuni wakayatoa magongo baada ya saa mbili. Si nane. Mbili. Yakapakwa rangi, yakapakiwa, yakaenda.

Aliporudi alisoma daftari la tanuri, akachukua gongo moja lililosalia, akalipima ugumu. Laini. Mdogo wake, aliyekuwa mlinzi wa geti pale pale, anasema, "Kaka alikaa chini sakafuni. Nilidhani ni msiba wa shemeji."

Magongo themanini yalikuwa mikononi mwa watu. Kwa macho huyatambui.

Meneja alimwambia, "Hakuna aliyelalamika, mzee. Lakini ukiyaleta, tanuri lipo. Kuyatafuta ni juu yako."

Akayatafuta. Siku zake zote za mapumziko, miaka mitano, alizunguka hospitali na zahanati. Alilipata moja, akalirudisha tanurini saa nane zake, akampelekea mwenyewe. Akafuata jingine. Na jingine.

Kuna mama mmoja, fundi cherehani, ambaye mzee hakumuwahi. Gongo lilipinda akiwa kwenye ngazi za hospitali, akavunjika nyonga mara ya pili. Mzee Nyuzi alikwenda kumwona. Mama yule anakumbuka: "Nilimwambia, baba, si wewe uliyeyatoa mapema. Akanijibu, 'Lakini mimi ndiye ninayejua.' Akalia."

Mwaka jana kiwanda kilifungwa. Matanuri yakakatwa vipande, yakauzwa kama chuma chakavu. Mzee alisimama nje ya uzio akitazama. Yalikuwa yamebaki magongo tisa. Tisa, wasikilizaji.

Aliendelea kuyatafuta, ingawa hakuwa tena na pa kuyakomaza. Moyo ukaanza kumsumbua. Wodini aliwaomba manesi wamwonyeshe magongo ya wagonjwa. Binti yake anasema, "Nilimwambia, baba, pumzika. Akasema, 'Nitapumzikaje, mama?'"

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.

Siku ya mazishi, simu yake iliita. Binti akaipokea. Mwanamume mmoja, sauti ya mtu mzima, alisema, "Naomba fundi. Aliacha namba hii zahanati. Gongo langu limeanza kupinda."

"Nilimwambia asilitumie tena," anasema binti. "Akaniuliza, 'Sasa nitembelee nini, mwanangu?' Nikamwambia baba ametutoka. Akanipa pole, yeye kunipa pole mimi."

Kwa binti, mdogo wa marehemu, wajukuu na wafanyakazi wenzake wa zamani, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwenye kazi yake: ni nani anayeegemea kitu nilichokitoa kabla ya wakati wake? Mimi nimejiuliza tangu asubuhi.

Yule bwana hakuacha jina. Binti amepiga namba ile mara sita. Haipokelewi.