Maisha ya Levina Dionisi, Mchonga Gia wa Mlabani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, familia imenituma mimi Fidelis, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu Levina Dionisi Valentino, na nimeagizwa nisiruke kitu.

Levina alizaliwa Mofu tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili wa mzee Dionisi na mama Bernadeta, akamaliza darasa la saba huko huko mwaka 1989, na mwaka 1994 akaajiriwa kuendesha mashine ya kukoboa mpunga ya mzee Anselim hapa Michenga. Tarehe 10 Oktoba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu Shilinde, wakajaliwa Kandida mwaka 1999 na Maximilian mwaka 2004.

Mwaka huo wa 2004 meno ya gia yalivunjika mara tatu, zote katika zamu yake, ikasemwa ana mkono wa nuksi, akina mama wakawa wanageuza na magunia yao wakimwona mlangoni, mwisho akafukuzwa, na baadhi ya waliosema hayo wamekaa hapa mbele, karibuni sana. Alishauriwa aende kwa mganga akasafishwe mkono, yeye akaenda chuo cha ufundi Morogoro na mtoto mgongoni, akahitimu ufundi mitambo Novemba 2007, akafungua karakana Mlabani. Hapo alichora na kuchonga upya gia zote mbili za mashine ile ile, akapunguza idadi ya meno ili kila jino linenepe, na chini ya jino, kwenye kona kali ambako ufa ulikuwa ukianzia, akaweka mviringo. Siku ya kuzifunga, tarehe 11 Juni 2009, mzee Anselim alitaka mtu mwingine awashe, Levina akamwambia asipowasha yeye anazifungua na kuondoka nazo, akawasha mwenyewe, na tangu hapo gia zimelika na kubadilishwa, lakini halijavunjika jino hata moja.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2023, akafariki hospitalini Ifakara mchana wa Jumapili, tarehe 2 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani, wanajumuiya na mafundi wenzake wa Mlabani. Mzee Anselim, asante kwa kutuma watu jana kuuliza kama uzime mashine kwa heshima ya mazishi, jibu ni lile alilotuachia marehemu mwenyewe, isizimwe, na asiyesikia sala asogee karibu. Ikoboe mpunga wa watu wakati tunamshusha, kila mmoja aisikie.

Dada Levina, pumzika kwa amani, wewe na mkono wako.